UZI: Ekari, eka, heka, hekta. Neno limetoka wapi, na kwa nini hatua 70 si mita 70

Kigingi cha Mpaka (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka jana nilinunua shamba Kilosa. Tulikubaliana ekari 3, na mkataba ukaandikwa ekari 3 mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wanne. Kupima tulipima kwa miguu. Muuzaji ni mzee wa umri wa babu yangu, mfupi, goti moja linamsumbua. Alitangulia yeye akihesabu kwa sauti, mimi nyuma nachomeka vigingi. Hatua 70 upana, hatua 210 urefu. Tukapeana mikono, tukaenda kula.

Mwezi wa nane nikarudi na futi kamba ya mita 50 nijue uzio utakula waya kiasi gani. Upana ukasoma mita 52 na nusu. Nikadhani nimeshika vibaya, nikarudia. 52 na nusu tena. Urefu 157 na nusu. Ukizidisha unapata kama mita za mraba 8,270. Ekari 3 ni mita za mraba 12,140. Yaani nimelipia tatu, nina mbili.

Sikuja hapa kumsema mzee. Hatua zake alizipiga zote, hakuruka hata moja. Kilichoniumiza ni kwamba tulikuwa watu saba pale shambani, wengine wamelima maisha yao yote, na hakuna aliyejua ekari yenyewe ni nini. Tulijua "sabini kwa sabini" basi. Sabini za nini? Za nani?

Nikaanza kulifukua neno lenyewe, na nilichokikuta ndicho kimenifanya nifungue uzi huu.

"Acre" ni neno la Kiingereza la zamani sana. Kabla Wanormani wa Ufaransa hawajavuka bahari kuiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza walikuwa wakiliandika "æcer", na wakati huo halikuwa kipimo. Maana yake ilikuwa shamba tu, ardhi inayolimwa. Ndugu zake wamebaki na maana hiyo mpaka leo: Mjerumani akisema "Acker" au Mholanzi akisema "akker", anazungumzia shamba, hana habari na ukubwa wake. Kwenye Kilatini liko "ager", ambalo ndilo limezaa lile neno refu la Wazungu la kilimo, "agricultura". Kigiriki wana "agros", Kisanskriti, lugha ya kale ya India, "ajra". Ukoo mmoja wote huo. Wanaisimu wengi wanauunganisha na mzizi wenye maana ya kuswaga, kama unavyoswaga ng'ombe. Kwa hiyo inaonekana kabla ya kuwa mahali pa kulima, palikuwa mahali pa kuswagia mifugo.

Sasa shamba limekuwaje kipimo? Kwa jembe la kukokotwa. Waingereza walianza kuita "acre" kile kipande ambacho ng'ombe waliofungwa nira wangeweza kukilima kwa siku moja. Kazi ya kutwa. Mwaka 1086, ardhi ya Uingereza ilipoandikwa kwa amri ya mfalme William katika kitabu kinachoitwa Domesday, tayari waandishi wake walikuwa wanahesabu ekari. Na juu ya ekari walikuwa na kipimo kikubwa zaidi, "carucate", ardhi ambayo ng'ombe wanane wangeilima kwa mwaka, na sehemu yake moja ya nane ikaitwa "bovate", yaani fungu la ng'ombe mmoja.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Miaka yote nimekuwa nikitaja ekari kama namba, kumbe natamka jasho la ng'ombe wa mtu.

Nitaendelea na hesabu za yadi. Kwanza nataka kusikia: kwenu mnapimaje?

---

Maksai Mweusi

Mkuu, hapo kwenye ng'ombe umenigusa. Mimi niko Meatu, plau nimeanza kushika nikiwa darasa la nne.

Hiyo ya ekari kwa siku ni kweli, ila inategemea. Udongo wa kichanga, mvua zimenyesha mbili tatu, maksai wameshiba: mnafunga saa kumi na moja alfajiri, mnafungua saa tano jua linapoanza kuwauma mgongoni, jioni mnarudi kidogo, ekari inakwisha. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaoganda kwenye plau, usijidanganye. Hapo unafunga jozi mbili, na bado inaweza kulala nusu.

Halafu kitu ambacho watu wasiolima na ng'ombe hawakijui: kulima hakuchoshi kama kugeuza. Ukifika mwisho wa mstari, ng'ombe wa ndani anasimama, wa nje anazunguka. Mnyororo unalegea, ng'ombe anaukanyaga, inabidi mtoto anayeongoza mbele ainame autoe kwenye kwato. Mshika plau anaiinua anaibeba. Ukigeuza mara mia kwa siku mikono inakufa ganzi. Ndiyo maana mzee wetu alikuwa akikata shamba refu jembamba. Anasema ng'ombe anapenda kwenda, hapendi kuzunguka.

---

Kigingi cha Mpaka

Maksai Mweusi, ahsante sana. Mzee wako amesema jambo ambalo Waingereza walilijenga ndani ya kipimo chenyewe.

Ekari ya awali haikuwa mraba. Ilikuwa utepe: yadi 220 urefu, yadi 22 upana. Ule urefu wa yadi 220 wakauita "furlong". Neno hilo ni maneno mawili yaliyoshikana, "furh" na "lang", yaani mfuo mrefu. Ndio urefu ambao ng'ombe walivuta kabla ya kupumzishwa na kugeuzwa. Kwa mita ni 201. Mpaka leo mbio za farasi Uingereza zinatajwa kwa "furlong", na maili yao ilirekebishwa kwa sheria mwaka 1593 ili iwe "furlong" 8 kamili. Fikiria, maili ya barabarani ilibidi imfuate ng'ombe.

Nikapiga hesabu moja ambayo nataka muione. Ukichukua ekari hiyo ya yadi 22 upana, na plau inayokata mfuo wa inchi 9, unahitaji mifuo 88. Kila mfuo yadi 220. Jumla yadi 19,360, ambazo ni maili 11 kamili. Kilomita 17 na ushee! Mshika plau alizitembea akiwa ameinamia mikono ya jembe, ndani ya tope, kwa siku moja, na hapo hujahesabu kugeuza. 

Kuna kijiji kinaitwa Laxton, mkoa wa Nottinghamshire, ambako mashamba ya mtindo huo wa vipande virefu bado yanalimwa hadi leo.

---

Kulima Kwetu

Ndugu mwanzisha uzi, historia nzuri lakini naona unazungusha watu. Ekari ni mita 70 kwa 70. Bwana shamba alitufundisha hivyo kwenye shamba darasa, na sisi huku Mbozi ndivyo tunavyofanya. Shamba langu ni ekari moja, marehemu baba alinikatia sabini kwa sabini, na mbegu nanunua kwa hesabu hiyo: kilo 12. Kila mwaka zinabaki karibu kilo 2, lakini hilo ni tatizo la wapandaji, wanapanua nafasi ili wamalize haraka. Ekari haina kosa.

---

Kigingi cha Mpaka

Kulima Kwetu, sikubishii kwa ubaya kaka. Twende taratibu, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Yadi 220 mara yadi 22 ni yadi za mraba 4,840. Hiyo ndiyo ekari. Ukitaka kuifanya mraba wenye pande sawa, kila upande unakuwa yadi 69 na nusu na kitu kidogo. Nani atahesabu nusu na kitu porini? Inakuwa 70. Kwa hiyo ile sabini kwa sabini yetu ni ya YADI, na hatua ndefu ya mtu mzima ni kama yadi moja. Ukiisoma hivyo inakaa sawasawa.

Yadi mnaijua. Ni ile ile ya dukani kwa muuza vitenge: futi 3, sentimita 91 na nusu kasoro kidogo. Haifiki mita.

Mraba wa ekari kwa mita ni 63.6 kwa 63.6, jumla mita za mraba 4,047. Wewe ukisema mita 70 kwa 70 unapata 4,900. Hiyo ni ekari moja na robo kasoro. Anayeuza akipima hivyo anajipunja, na anayenunua mbolea au dawa kwa hesabu hiyo anachanganya vipimo vyote vilivyoandikwa kwenye mfuko.

Chukua mahindi. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo. Ekari halisi inabeba miche kama 17,990. Mita 70 kwa 70 inabeba 21,780. Tofauti ni karibu miche 3,800.

Na upande wa pili ndio ulionikuta mimi. Mzee wangu wa Kilosa hatua yake ni sentimita 75. Sabini zake ni mita 52 na nusu. Zidisha mwenyewe: ekari yake ni theluthi mbili ya ekari. Hatua ikipungua karibu moja ya tano ya yadi, upande unapungua hivyo hivyo, lakini eneo linapungua karibu theluthi kwa sababu limepungua pande zote mbili. Hili watu wengi hawalioni mpaka wapime.

Kaka, shamba la marehemu baba ulishawahi kulipima kwa futi kamba?

---

Kulima Kwetu

Sijawahi. Lakini najua ni 70.

---

Kahawa Chungu

Swali dogo wakuu. Ule mji wa Acre wa vita vya msalaba, na lile jimbo la Acre la Brazili, navyo vinatokana na ekari?

---

Kigingi cha Mpaka

Hapana. Mji ule kwa Kiarabu ni Akka, Wazungu ndio waliolipindisha. Na la Brazili halihusiani na shamba la Mwingereza. Herufi zimefanana tu.

Ila kuna ekari nyingine ya Kiingereza inayofaa kujulikana: wanasheria wao wakitaka kutoa mfano wa kiwanja darasani wanakiita "Blackacre", na cha jirani "Whiteacre", tangu miaka ya 1600. Wajerumani nao wana msemo wa kuyaita makaburi "Gottesacker", shamba la Mungu, na Waingereza wakauchukua. Hapo unaona ile maana ya kwanza, shamba lisilo na namba, bado inapumua.

---

Ploti ya Nakuru

Habari zenu kutoka Kenya. Huku tunasema eka, na ekari ni ya kwenye habari za redio. Sikio letu lilichukua kile Mwingereza alichotamka, r haikusikika ikaachwa.

Shida yetu haiko kwa hatua, iko kwa ploti. Mtu anauziwa "eighth", ile moja ya nane ya eka, na muuzaji anampimia futi 50 kwa 100. Hizo ni futi za mraba 5,000. Eka ina futi za mraba 43,560, ukigawa kwa nane unapata 5,445. Zile 445 zimeenda wapi? Na hati inapotoka imeandikwa kwa hekta, 0.046 hivi au pungufu, kwa hivyo mama aliyenunua kwa pesa za chama haoni chochote. Eka moja ukiitoa ploti za 50 kwa 100 unapata nane na zaidi ya nusu nyingine, basi barabara za ndani zinatoka kwenye hiyo nusu, yaani zile 445 za kila mtu. Ni sawa watu wachangie barabara. Lakini waambiwe.

Pia msisahau eka huku ina uchungu. Wazee wetu walilijua neno hili kwanza kutoka kwa masetla, wale walowezi wa Kizungu, mtu mmoja ana maelfu ya eka, na wewe umepewa robo ya kulima mboga ukimfanyia kazi. Ndio maana mpango wa kuwarudishia watu mashamba ulioanza 1962 uliitwa kwa eka, ule wa eka milioni moja. Ilibidi idadi itajwe kwa lugha ile ile iliyotumika kuchukua.

---

Kigingi cha Mpaka

Ploti ya Nakuru, hapo mwisho umesema neno.

Na kwetu Tanganyika liliingia hivyo hivyo, kwa serikali na makampuni ya mkonge na ile miradi mikubwa. Mkubwa kuliko yote ni ule wa karanga baada ya Vita vya Pili. Waingereza walipanga mashamba 107, kila moja ekari 30,000, mengi yakiwa Tanganyika na machache Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Ukizidisha ni ekari 3,210,000. Walianza Kongwa 1947, wakaenda Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa kiangazi unakuwa mgumu kama tofali, vichaka vikang'oa meno ya mashine, mvua ikakataa. 1951 wakaacha. Nasimulia hili kwa sababu linaonyesha neno lilivyogeuka. Ekari iliyozaliwa kama kazi ya kutwa ya ng'ombe na mtu mmoja, hapo imekuwa namba ya mtu aliyekaa London ambaye udongo hajaushika. Angeuliza wakulima wa Kongwa, wangemwambia.

---

Nyumba ya Mailo

Mimi niko Masaka, Uganda. Kwetu kuna neno la shamba lililozaliwa kutokana na kipimo kabisa: mailo. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, watu wakachukua "mile" wakaifanya mailo, na leo ni jina la aina ya umiliki. Maili moja ya mraba ni ekari 640.

Na viwanja vidogo tunavihesabu kwa desimali. Desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari. Ile futi 50 kwa 100 ya ndugu wa Nakuru, sisi tunaiuza kama desimali 12, na kwa kweli ni kumi na moja na nusu. Mchezo ni ule ule.

---

Bi Mkarafuu

Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni wa Wete, Pemba. Nimesoma tangu juu nikasema lazima niandike.

Sisi baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilichukuliwa na Serikali, kisha watu wakagaiwa eka tatu tatu. Baba yetu alipata. Sasa sikilizeni: sisi hatusemi "tuna shamba la ukubwa wa eka tatu". Tunasema "nakwenda eka tatu". "Karafuu za eka tatu zishakauka?" Limekuwa jina la pahala. Ndugu yangu mmoja eka tatu yake ilishagawanywa kwa watoto, haifiki hata moja, na bado inaitwa eka tatu.

Na kabla ya hiyo eka, sisi tulikuwa na ngwe. Vijana wa siku hizi ngwe wanaijua ya mpira na ya siasa, ngwe ya pili, ngwe ya mwisho. Ngwe ni kipande cha shamba anachokatiwa mtu alime. Inapimwa kwa ugwe, kamba. Bibi yangu akikutuma kulima hakwambii lima saa ngapi mpaka saa ngapi, anakwambia "kamaliza ngwe yako", ukimaliza ndo nyumbani. Kama hicho kisa cha ng'ombe wa Wazungu, basi na sisi tulikuwa nacho, kwa jembe la mkono.

---

Kigingi cha Mpaka

Bi Mkarafuu, waalaykum salaam. Shikamoo bibi. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Umefunga duara ambalo nilikuwa nalitafuta tangu mwezi wa nane. Uingereza neno lilianza kama shamba, likaishia kuwa kipimo. Pemba limefika kama kipimo, watu wakalirudisha kuwa shamba! Hiyo eka tatu isiyofika hata moja ndiyo "æcer" ya miaka elfu iliyopita, mahali pa kulima bila kujali namba.

Na ngwe. Nimeona haya kwamba nilikwenda kutafuta Uingereza kitu kilichokuwa nyumbani. Kamba, ikawa kipande kilichopimwa kwa kamba, ikawa kazi ya mtu ya siku, na leo ni muhula wa rais. Sisi tunasema "anaanza ngwe ya pili" wala hatumwoni tena yule mtu mwenye jembe anayeitazama kamba imebaki hatua ngapi. Naomba ruhusa yako, bibi, kwenye mkataba wangu mwingine nitaandika ekari kwa ajili ya sheria, lakini pale shambani kipande cha kila kibarua nitakiita ngwe.

---

Mto Ruzizi

Mimi niko Uvira. Huku kwetu Kongo, na ng'ambo pale Bujumbura, hiyo ekari hatuitumie. Ni hekta, na kipande kidogo ni ari. Mbelgiji alikuja na vipimo vya mita. Nilipofika Kigoma kununua shamba mtu ananiambia "heka mbili", mimi nikajua ni hekta mbili, bei ikaonekana rahisi kabisa. Kufika pale ni kashamba kadogo. Tukakosana bure.

---

Kigingi cha Mpaka

Pole sana ndugu yangu, na hili nilitaka kulifikia kwa sababu ndilo linalogombanisha watu zaidi Tanzania Bara.

Heka mitaani kwetu ni ekari. Ukienda kwa dalali, kwa jirani, kwa mama anayekodisha shamba la mpunga, heka ni ekari ile ile ya hatua 70. Lakini ile h ya mbele inamfanya msomi aliyetoka mjini afikirie hekta. Hekta ina babu mwingine kabisa. Wafaransa mwaka 1795, kwenye sheria yao ya vipimo, waliita eneo la mita kumi kwa kumi "are", kutoka Kilatini "area". Hiyo ndiyo ari yenu ya Uvira. Wakachukua na neno la Kigiriki la mia, wakapata hekta: ari mia, yaani mita 100 kwa 100. Hekta moja ni ekari 2.47. Hakuna ng'ombe pale, hakuna siku ya kazi, ni mita tupu. Kufanana kwa ekari na hekta ni bahati mbaya ya sauti, kama watu wawili wasio ndugu wanaofanana sura halafu mmoja akakamatwa kwa deni la mwenzake.

Kwa hiyo mtu akikwambia heka, usiulize "heka ngapi" kwanza. Muulize upande ni mita ngapi. Na mezani andika mita za mraba.

Tusijione ni sisi tu tuliochanganyikiwa. Waingereza wenyewe walikaa na ekari tofauti tofauti kwa karne nyingi, kwa sababu fimbo ya kupimia ilikuwa na urefu wake kila mahali. Fimbo ya kawaida ilikuwa yadi 5 na nusu. Ireland walitumia ya yadi 7, ekari yao ikafika yadi za mraba 7,840. Cheshire fimbo yao yadi 8, ekari ikawa 10,240, zaidi ya mara mbili ya ile ya London. Sheria ya vipimo ya 1824 ndiyo iliyokuja kutaka kipimo kimoja kwa wote.

Kilichowaokoa wapimaji mapema ni mnyororo. Mwaka 1620 Edmund Gunter, mwanahisabati, alitengeneza mnyororo wa futi 66 wenye pete 100. Futi 66 ni zile zile yadi 22, upana wa ekari ya ng'ombe. Minyororo kumi ya mraba ikawa ekari moja kamili. Mnyororo hauna goti bovu, hauna haraka ya kwenda kula. Ukitaka kuuona urefu wake bila kuushika, tazama uwanja wa kriketi: kutoka vijiti vya huku mpaka vya kule ni yadi 22.

---

Maksai Mweusi

Mkuu, na yule mzee wa Kilosa mmefikia wapi?

---

Kigingi cha Mpaka

Nilirudi na futi kamba na soda. Sikwenda na hasira. Nilimwomba tupime pamoja, yeye ashike mwanzo wa kamba. Alipoona 52 alinyamaza, akaniuliza "kwani mwanangu, ekari ni kamba ngapi?" Nikamwambia kwa kamba hii ni moja na mita 13 na sentimita 60, kila upande. Akasema ameuza mashamba manne kwa miguu ile ile, na kabla ya goti kuharibika alikuwa anapiga hatua ndefu.

Ameniongezea kipande cha upande wa mto, si ekari nzima ila karibu. Mwenyekiti ameandika upya, safari hii kwa mita. Sasa kitongoji kizima kinaazima futi kamba yangu.

---

Kulima Kwetu

Wakuu, nimerudi. Nimechelewa kwa sababu nilikwenda kuazima futi kamba Vwawa.

Nimepima shamba la marehemu. Upande wa barabarani mita 64 na nusu. Upande wa migomba mita 63. Nimepiga kwa simu: mita za mraba 4,063. Ekari moja, na mita za mraba 16 za nyongeza.

Baba alikuwa mrefu. Alipima kwa miguu mwaka aliponiozesha, nilikuwa nyuma yake, na sikuwahi kumwona akishika kamba.

Zile kilo 2 zinazobaki kila mwaka, nilimgombeza mpandaji wangu, mama mmoja wa hapa jirani, misimu mitatu nikimwambia anapanua nafasi. Jana jioni nimekwenda kwake kumwomba radhi. Msimu huu nanunua kilo 10, na anapanda yeye.

Kigingi, ahsante kaka.